Njia Ambayo Sumu Hupita: Hotuba kwa Wazazi, Mafundi na Wachuuzi wa Lubumbashi

Wazee wetu, wamama na wababa mlioacha shughuli zenu mchana huu, ndugu mafundi, wachuuzi wa soko, walimu na wanafunzi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa kuzungumza juu ya hatari za kemikali zinazotufikia pamoja na teknolojia mpya na bidhaa za matumizi ya kila siku. Mambo yenyewe ni mengi, na nikijaribu kuyagusa yote mtarudi nyumbani na hofu tu bila maarifa. Kwa hiyo nitashika neno moja na kulifuata. Jina la kemikali peke yake halitoshi kutuambia kama tuko salama; ni lazima tujue inaingia mwilini kwa njia gani, na mnunuzi akishamaliza kuitumia bidhaa, ni nani mwingine ataishika. Mara nyingi bidhaa mpya huchukua kitu kilichozoeleka na kukifungulia njia ambayo hakikuwa nayo zamani. Sisi watu wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa mji wetu unakutana na teknolojia katika ncha zake mbili: madini yanachimbwa kwetu kabla kifaa hakijatengenezwa, na kifaa kikishachakaa kinavunjwa kwetu, katika nyua zetu, mbele ya watoto wetu.

Nianze na kobalti, metali inayotiwa katika betri za simu, kwa sababu hakuna aliye ukumbini humu asiyeijua. Malori yanayoipeleka mpakani Kasumbalesa yanapita karibu na nyumba zetu, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi ya Lualaba na Katanga ya Juu. Mwili wa binadamu wenyewe unaihitaji kwa kiasi kidogo mno, maana imo ndani ya vitamini B12. Hata hivyo, kati ya Agosti 1965 na Aprili 1966, katika mji wa Quebec nchini Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walianza kufika hospitalini wakiwa na mioyo iliyotanuka na kushindwa kusukuma damu. Madaktari walihesabu wagonjwa 48, na 20 kati yao wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bia yao ilikuwa imetiwa chumvi ya kobalti ili povu lidumu juu ya bilauri, kwa sababu sabuni mpya za kuoshea vyombo zilikuwa zinaliua povu upesi. Tazameni mfuatano huo: sabuni mpya inaleta tatizo dogo la povu, dawa ya tatizo dogo inatiwa katika kinywaji, na kinywaji kinaharibu moyo.

Jambo linalonigusa zaidi katika habari hiyo ni kwamba kobalti ilikuwa tayari imetumiwa hospitalini kutibu upungufu wa damu, tena kwa vipimo vikubwa kuliko vile vilivyokuwa ndani ya bia, bila wagonjwa kupata ugonjwa huo wa moyo. Lakini waliougua Quebec walikuwa watu wanaokula vibaya na kunywa sana kila siku. Kipimo ambacho mwili ulioshiba ulikistahimili kiliuangusha mwili uliodhoofika. Tunapoambiwa kwamba bidhaa fulani imepimwa na kuonekana salama, tuulize kila mara imepimwa kwa nani. Mtoto wa mtaa wetu wa Katuba anayekula mara moja kwa siku, mwenye upungufu wa chuma katika damu, hayuko sawa na mtu mzima mwenye afya ambaye vipimo vingi huwekwa kwa ajili yake.

Hapa kwetu kobalti hufuata njia nyingine, nayo ni vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini katika Katanga, wakaonyesha viwango vya kobalti vilivyo vya juu mno hata kwa watu ambao hawajawahi kufanya kazi mgodini. Mwaka 2018 timu hiyo ilichapisha habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao mwaka 2014 uligeuka mgodi baada ya madini kuonekana chini ya nyumba za watu. Watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti katika mkojo wao takriban mara kumi zaidi ya watoto walioishi mbali na uchimbaji. Watoto hao hawakushika sururu. Walicheza chini, walilala katika chumba chenye vumbi, wakala kwa mikono yao. Na mwaka 2020 utafiti uliofanywa katika hospitali za mji wetu huu ulionyesha kwamba kasoro za kuzaliwa zilihusiana na kazi ya baba katika shughuli za madini. Nasema baba. Wengi wetu tulizoea kumwelekezea mama maswali yote mtoto anapozaliwa na kasoro. Utafiti ule unatutaka tuangalie pia nguo za kazi zinazoingizwa nyumbani jioni, na mwili wa mwanamume anayezivaa.

Sasa nitoke kidogo nje ya nchi, niwaonyeshe jinsi njia inavyoweza kugeuka bila mtu kushtuka. Huko Korea ya Kusini, kuanzia mwaka 1994, ziliuzwa dawa za kuua vijidudu ambazo watu walizitia katika maji ya mashine ndogo zinazoongeza unyevu hewani vyumbani wakati wa baridi. Kemikali hizo zilikuwa zimezoeleka katika kazi za usafi, na zikibaki kwenye sakafu au kitambaa hazikumsumbua mtu. Mashine iliyageuza maji yale kuwa ukungu mwembamba, mama akauvuta pamoja na mtoto wake mchanga usiku kucha, mpaka mapafu yakakakamaa. Haikujulikana wazi hadi mwaka 2011, na kufikia wakati huo mamia ya watu walikuwa wamepoteza uhai. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu kile kingefanya nini kikivutwa kwa pumzi.

Miaka minane baadaye likatokea jambo la namna hiyo hiyo nchini Marekani. Vijana wenye afya njema, wengi wao wakiwa watumiaji wa sigara za kielektroniki zenye mafuta ya bangi, walilazwa hospitalini wakishindwa kupumua. Hadi Februari 2020 mamlaka za afya za nchi ile zilikuwa zimehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo 68 miongoni mwao. Kitu kilichoshukiwa kuliko vyote, na ambacho kilipatikana katika maji ya mapafu ya wagonjwa, ni asetati ya vitamini E, ambayo watu huimeza katika vidonge na kuipaka katika ngozi bila shida. Wauzaji waliitumia kuyafanya mafuta yawe mazito. Tumbo lina namna yake ya kuipokea, pafu halina. Wazazi, mkiona kifaa kidogo chenye harufu ya matunda mkononi mwa kijana wenu, na akawaambia kwamba ni mvuke tu wa vitu vinavyoliwa, mjue kwamba kitu kuliwa hakukipi ruhusa ya kuvutwa.

Nirudi kwetu, kwenye meza ambazo kila mmoja wenu amekwisha kusimama mbele yake: meza za mafundi wa simu kando ya soko la mtaa wetu wa Kenya na katikati ya mji. Fundi ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Mkono wa kulia umeshika chuma cha kulehemu, wa kushoto umeshika kibanio kidogo, na kwa kuwa hana mkono wa tatu, waya wa kulehemu ameubana kwa meno. Akimaliza, anafuta vidole kwenye suruali, anapokea pesa, anavunja mkate na kula. Wateja wengi huogopa moshi unaopanda kutoka kwenye meza ile, na kweli moshi huo, unaotokana na utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, unachokoza mapafu na unaweza kuleta pumu. Lakini risasi, ile metali nzito iliyochanganywa katika waya, haipandi pamoja na moshi ule kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu joto la kulehemu ni dogo mno kuifanya mvuke. Risasi inapita kwenye meno na vidole. Angalieni kibandiko cha kibunda cha waya: kikiandikwa 60/40, maana yake ni sehemu 60 za bati na sehemu 40 za risasi, ile ambayo mafundi wetu wanaiita plomb. Umoja wa Ulaya uliondoa risasi katika vifaa vipya vya umeme kuanzia Julai 2006, lakini waya wa zamani unaendelea kuuzwa kwa ajili ya matengenezo, kwa kuwa unayeyuka upesi na bei yake ni nafuu.

Nikimwona kijana amebana waya ule kwa meno, nawakumbuka wasichana wa New Jersey. Tangu mwaka 1917 waliajiriwa kupaka rangi yenye radiamu, metali inayotoa mionzi, kwenye namba za saa ili zing'ae gizani. Waliambiwa wachongoe ncha ya brashi kwa midomo yao, na waliambiwa kwamba haina madhara, huku wanakemia wa kiwanda kile kile wakijikinga kwa ngao na koleo. Baada ya miaka michache mataya yao yakaanza kuoza. Walishtaki, na kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka 1928, wengine wakiwa tayari wamekufa. Radiamu ya kiwanda chao ilitoka Colorado. Ila kuanzia mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, yakisafishwa Olen nchini Ubelgiji, ndiyo yaliyolishika soko la radiamu la dunia. Naitaja habari hii ili vijana wajue kwamba ardhi yetu imo katika historia hii tangu mwanzo, na kwamba bidhaa ya ajabu ya wakati ule ilikuja, kama zinavyokuja za leo, ikiwa na sifa nyingi na maelezo machache.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa, nalo ni betri za risasi. Umeme unakatika, nasi hatukungoja. Tumeweka paneli za jua juu ya bati, betri kwenye kona ya sebule, na kifaa cha kugeuza umeme kando yake. Ni jambo jema. Watoto wanasoma usiku, friji za wauza samaki zinafanya kazi, zahanati inazalisha mama kwa mwanga badala ya mshumaa. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema vibaya juu ya umeme wa jua. Ila betri zinazouzwa kwa bei tunayoiweza nyingi ni za risasi, sawa na za gari, nazo zikitumiwa katika nyumba zetu, zikimalizwa chaji kabisa kila usiku na kuachwa katika joto, hufa baada ya miaka michache. Betri moja ya gari ina karibu kilo 10 za risasi. Jiulizeni ni betri ngapi zimeingia katika mtaa wenu tangu msimu wa mvua uliopita, kisha mjiulize zile za zamani ziko wapi.

Wengi wenu mnajua ziko wapi. Kijana wa mitraye, yaani mnunuzi wa vyuma chakavu, anapita na mkokoteni, anaipima betri kwa kilo, analipa, anaondoka. Uani anamwaga maji ya betri chini, na asidi inazama udongoni pamoja na risasi iliyomo ndani yake. Anapasua kasha kwa shoka au nyundo, anatoa sahani, anazigonga ili unga ulioshika juu yake uanguke. Unga huo ni wa kijivu na wa kahawia, laini kuliko unga wa muhogo, nao ndio wenye hatari kubwa kupita vyote, kwa sababu unapeperuka, unashika miguuni, unaingia katika nywele, unakaa kwenye nguo zinazoanikwa. Halafu anayeyusha vyuma katika sufuria kuukuu juu ya makaa, na anachopata kinauzwa kwa watengenezaji wa vizito vya nyavu au kwa wanunuzi wakubwa. Kuku wanachakura pale pale. Mtoto mwenye miaka miwili anakaa chini, anatia mkono mdomoni, kama watoto wote wa umri wake wanavyofanya.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Linasema pia kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kile alichomeza. Risasi haionekani usoni. Mtoto hafi kesho yake, hatapiki damu, mara nyingi hana homa. Anakuwa mzito wa kuelewa, anasahau, anagombana, anashindwa kukaa kitako darasani, na mwalimu anamwita mvivu. Sehemu ya risasi inajificha katika mifupa kwa miaka mingi. Msichana aliyeipata utotoni anaweza kuibeba mpaka siku anapokuwa mjamzito, mifupa inapotoa madini yake kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na risasi ikatoka pamoja nayo. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba watoto wapatao milioni 800, yaani karibu mmoja katika kila watatu duniani, wana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho madaktari wanasema kinahitaji hatua kuchukuliwa.

Msidhani ni habari za viwanda vikubwa tu. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar nchini Senegal, akina mama walikuwa wakichekecha udongo wa mahali palipokuwa pakivunjwa betri, ili wapate chembe za risasi na kuziuza. Waliubeba udongo katika magunia mpaka nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa, na waliopimwa baadaye, watoto kwa watu wazima, walikutwa na risasi nyingi katika damu. Bei ya risasi ilikuwa imepanda duniani. Wale mama walikuwa wanatafuta chakula.

Na kwa ndugu zetu wa lugha moja, Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika rufaa kwa miaka. Nawasifu kwa moyo wote, lakini natamani tusifike mahali pa kuhitaji hukumu ya namna ile. Pesa hazimrudishii mtoto akili aliyopokonywa akiwa na miaka miwili.

Risasi ya vyuma chakavu ina njia nyingine tena, nayo inapita jikoni. Sufuria zinazosubiwa na mafundi kutoka mabaki ya injini, makopo na vipande vya redio ni imara na bei yake ni nzuri. Mwaka 2014 watafiti waliopima sufuria za namna hiyo zilizotengenezwa Kamerun walikuta kwamba kitu chenye ukali wa asidi kikichemshwa ndani yake, risasi inatoka na kuingia katika chakula. Mama anayepika nyanya au kutia ndimu katika sufuria ya kusubu afanye hivyo kwa muda mfupi, au atumie chombo kingine kwa mapishi hayo, na asiache mchuzi ulale humo. Asiisugue mpaka ing'ae kwa mchanga, kwa kuwa anaondoa ngozi nyembamba inayomkinga. Na ninyi mafundi wa kusubu, nawaomba jambo moja lisilowagharimu kitu: vipande vyenye lehemu, na vya betri, msivitupe katika tanuri la sufuria.

Nitasema kwa ufupi juu ya waya zinazochomwa ili kupata shaba. Plastiki yake ina klorini, na ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Kisu cha kumenya waya kinachosha mikono, lakini shaba iliyomenywa ni safi kuliko iliyoungua, na mnunuzi anapaswa kuilipia zaidi. Betri za simu zilizovimba zisitobolewe wala kutupwa motoni, kwa kuwa betri ya lithiamu ikiungua hutoa floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza mapafu. Na pipa la plastiki ambalo halijulikani lilibeba nini kabla ya kufika sokoni lisiwekwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi, maana plastiki hunyonya na kuachia.

Juu ya mafuta ya kujichubua, najua nazungumzia jambo lenye uchungu na lenye aibu, na sikuja kumlaumu dada yeyote. Baadhi ya krimu na sabuni hizo zina zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha inaharibu figo. Mwenye kuipaka hudhani ni siri yake na ngozi yake. Lakini zebaki inabaki kwenye taulo na mto, inapanda kama mvuke chumbani, inahamia kwa mtoto anayebebwa kifuani, na nchi kadhaa zimepata watoto wenye zebaki mwilini ambao hawajapakwa kitu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa juu ya zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, uliruhusu mwanzoni kiasi kisichozidi miligramu moja kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Hata hivyo vinauzwa. Alama moja ya kuvitambua ni onyo la kibandiko: kikikuambia usikigusishe na dhahabu, fedha au alumini, shuku zebaki mara moja, kwa sababu ndiyo inayoshambulia metali hizo. Kikikosa kibandiko kabisa, au kikiwa kimechanganywa kopo kwa kopo mezani, hakuna mtu duniani anayeweza kukuhakikishia kilichomo. Zingine zina hidrokwinoni, ambayo kwa matumizi ya muda mrefu huacha mabaka meusi ya kudumu usoni, kinyume kabisa cha kile mtu alichokilipia.

Kuna pia zile zinazoitwa kemikali za milele, zenye florini, ambazo zilitumika katika kutengeneza vikaango visivyoshika na nguo zisizolowa. Mojawapo, PFOA, iliwekwa katika mkataba wa Stockholm, ule wa kuziondoa sumu zinazodumu, mwaka 2019. Kwetu hazijawa tishio la kwanza, nami nasema hivyo waziwazi ili tusitumie nguvu zetu kuogopa kikaango huku betri imepasuliwa mlangoni.

Sheria tunazo. Kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria ya kulinda mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 ipo. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ina jukumu la kukagua bidhaa zinazoingia mipakani, Kasumbalesa ikiwemo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya mkataba wa Basel, ule wa taka za hatari zinazovushwa mipaka, taka zote za kielektroniki zinazovushwa mpaka, hata zile zisizohesabiwa kuwa za hatari, zinahitaji idhini ya nchi inayozipokea. Nawaomba viongozi waliokuja kutusikiliza wazifanye sheria hizi zionekane mahali pawili: katika vipimo vya krimu zinazovuka mpaka, na katika uwezo wa kupima risasi kwenye damu ya mtoto hapa hapa mjini, kwa bei ambayo mchuuzi wa mboga anaweza kuilipa.

Lakini nisingependa askari watumwe kuwafukuza vijana wa mitraye. Nimesikia pendekezo hilo na nalipinga. Kijana akifukuzwa uani kwake ataivunjia betri porini, au kando ya mto ambao wengine wanachota maji, na unga utarudi na nguo zake jioni. Anavunja kwa sababu risasi iliyotolewa inamlipa zaidi kuliko betri nzima. Basi bei ndiyo ya kugeuzwa. Muuzaji wa betri mpya akipunguza bei kwa mteja anayeleta ya zamani ikiwa nzima, na maji yake ndani, na mnunuzi mkubwa wa mitraye akikataa betri iliyopasuliwa, au akiilipia kidogo, kijana yule atabaki na kazi yake ya kukusanya, na shoka litakosa kazi. Wauzaji wa betri wapo humu ukumbini, nimewaona. Jambo hili mnaweza kulianza bila kungoja barua kutoka Kinshasa, mkikubaliana wote bei moja ya kurudisha, ili asiyeshiriki asiwanyang'anye wateja.

Kwa wale ambao wamekwisha kuvunja betri nyumbani: msifagie kwa ufagio mkavu, kwa sababu mnaupandisha unga hewani. Nyunyizeni maji, kusanyeni udongo wa juu ukiwa umelowa, ufungeni, uwekwe mbali na kisima na bustani, kisha mfunike mahali pale kwa saruji au udongo mpya uliotoka kwingine. Nguo za kazi zibaki nje ya chumba cha kulala na zifuliwe peke yake, kando na nepi za mtoto. Mwenye kazi hiyo aoge kabla ya kumbeba mwanawe. Mtoto apewe chakula chenye chuma na kalisi, kama vile maharagwe, lenga-lenga (mchicha) na ndagala (dagaa), kwa kuwa mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Na fundi wa simu aombe kibanio cha kushikilia waya mezani. Hata kipande cha mbao chenye ufa kinatosha, mradi waya utoke mdomoni.

Mtoto yeyote aliyeishi karibu na mahali pa kuvunjia betri apelekwe kwa daktari, na mzazi amwambie daktari waziwazi kazi inayofanyika pale uani, kwa kuwa daktari asipoambiwa atatafuta malaria na minyoo. Walimu watakaobaki baada ya kikao, tutakaa nao kupanga jinsi ya kuzitambua nyua hizo mtaa kwa mtaa, bila kuwataja wenye nyumba kwa polisi. Sasa napokea maswali, na ningependa mafundi walioketi nyuma waanze.